Mwamuzi na Karatasi Yake

Wahenga walisema ya kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Methali hiyo twaitumia mara nyingi, na mara nyingi twaitumia kumnyamazisha mtu. Kwaya ya shule ikikosa nafasi na watoto wakanung'unika, mwalimu huwatolea methali hiyo. Bondia akinyimwa ushindi na rafiki zake wakalalamika, methali ni hiyo hiyo. Walakini methali hii ina sharti lisilotajwa. Aliyeshindwa yampasa akubali, naam. Lakini akubali kushindwa, asikubali kudhulumiwa. Na tofauti ya mambo hayo mawili imo mkononi mwa mtu ambaye methali haimtaji hata kidogo, naye ni mwamuzi.

Juma hili twapenda kumsema mwamuzi. Hatumsemi hakimu wa mahakama, ambaye ana sheria zake, na mahakama ya rufani juu yake. Twamsema yule akaaye mezani penye mashindano ya ngoma, ya kwaya, ya insha au ya ngumi, kalamu mkononi, na watoto wa watu wakimtazama usoni. Huenda msomaji mmoja akasema kwamba hilo ni jambo dogo, la michezo tu. Sisi hatuoni hivyo. Mtoto huionja haki, ama dhuluma, uwanjani na darasani miaka mingi kabla ya kuiona mahakama. Mtoto wa miaka 12 akijifunza kwamba ushindi hupangwa jioni kabla ya mashindano, tutamfundisha nini baadaye juu ya kura, na zabuni, na uajiri wa kazi?

Tuchukue mfano wa wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro. Nchi ile ni ya Wasagara, Wakaguru na Wavidunda, na Waluguru ni jirani zao. Reli ya kati ilipopita pale kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na mashamba ya mkonge yalipofunguliwa upande wa Kimamba na Rudewa, walikuja vibarua wa makabila mengi. Wakaja na wafugaji, Wamasai, na baadaye Wasukuma na ng'ombe wao. Upande wa kusini wa wilaya iko Mikumi, penye barabara kuu iendayo Iringa na Zambia, na penye hifadhi ya wanyama iliyotangazwa mwaka 1964. Huko nako watu ni mchanganyiko. Palipo na watu wa namna nyingi pana ngoma za namna nyingi. Nayo mashindano ya shule zetu, UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari, hayana mpira na riadha peke yake, bali yana kwaya na ngoma pia. Basi ni nani atakayesema kwamba ngoma ya Kisagara imeizidi ya Kisukuma, na atasema hivyo kwa kipimo gani?

Wazee walikuwa na jibu lao. Wasukuma waliohamia Kilosa wametoka katika nchi yenye kipimo cha kale kilicho maarufu. Huko Bujora, karibu na Mwanza, hufanywa sherehe ya ngoma iitwayo Bulabo, iliyofungamana na sikukuu ya Ekaristi Takatifu. Mahali pale ndipo Padre David Clement, mmisionari wa shirika la White Fathers kutoka Kanada, alipoanza kazi miaka ya 1950, akaziheshimu ngoma za watu na kuhifadhi vyombo vyao. Wachezaji hugawanyika vyama viwili, Bagika na Bagalu. Katika mashindano yao, makundi mawili hucheza wakati mmoja, kila moja upande wake wa uwanja, na watazamaji huenda wapendako. Kundi lililovuta umati mkubwa zaidi ndilo lililoshinda. Pwani nako, vyama vya beni kama Marini na Arinoti vilishindana kwa mavazi, kwa magwaride na kwa karamu, na sifa ilitoka katika vinywa vya watu waliotazama.

Kipimo hicho kina heri yake. Hakina siri, kwa maana kila mtu auona umati kwa macho yake. Hakihongeki upesi, kwani mwenye hila aweza kumpelekea mwamuzi mmoja mbuzi, lakini hawezi kuupelekea uwanja mzima mbuzi. Tena umati huitazama ngoma kwa ukamilifu wake, wala haumkati mchezaji vipande vipande, mguu mbali na sauti mbali.

Walakini kina maradhi yake pia. Kundi moja likileta chatu uwanjani, watu watakimbilia kwenye chatu, hata kama wachezaji wa upande wa pili wana ufundi mara mbili. Mwenye ndugu wengi huja na umati wake kutoka nyumbani. Wala si siri kwamba vyama hivyo vya ngoma vilitafuta dawa za kuvuta watazamaji, jambo ambalo Kanisa halikuweza kulisifu. Dawa hizo zatuonyesha jambo moja: kila kipimo huzaa kishawishi kilicho sawa na chenyewe. Umati ukiwa ndiye mwamuzi, mtu hutamani kuuroga umati.

Kwa sababu hiyo katika mashule yetu yamekuja mambo mapya. Mwamuzi hupewa karatasi yenye vigezo: ujumbe, sauti, mavazi, ubunifu, mpangilio wa jukwaani. Kila kigezo kina alama zake, nazo hujumlishwa, na jumla ndiyo hukumu. Twakiri waziwazi kwamba hapo pana maendeleo. Karatasi humlazimisha mwamuzi kutazama hata asichokipenda. Humkumbusha kwamba kundi la kijiji kidogo lisilo na sare mpya linaweza kuwa na sauti bora kuliko kundi la mjini. Zaidi ya hayo, humwachia aliyeshindwa kitu cha kusoma, ajue alikosea wapi, arudi mwakani akiwa amejirekebisha.

Lakini karatasi nayo ina maradhi. La kwanza, wachezaji huanza kuichezea karatasi. Mwalimu akijua kwamba ubunifu una alama 20, atapachika ubunifu hata mahali usipohitajika, na ngoma ya babu zake itatoka pale imefanana na ngoma zote nyingine. La pili ni baya zaidi. Mwamuzi mwenye hila humchagua mshindi kwanza moyoni, kisha hurudi nyuma kujaza vigezo mpaka jumla ikubaliane na alichokwisha kuamua. Zamani upendeleo wake ungeitwa upendeleo. Sasa waitwa hesabu. Na mtu akimwuliza, hunyosha kidole kwenye karatasi na kusema, "Si mimi, ni alama."

Mambo haya si ya Kilosa wala ya Tanzania peke yake. Katika nchi za baridi upo mchezo wa kuteleza juu ya barafu kwa viatu vyenye bamba la chuma, ambao mchezaji huruka na kuzunguka kwa muziki. Kwa miaka mingi waamuzi wake walitoa alama mbili tu, moja ya ufundi na moja ya uzuri, na ya juu kabisa ilikuwa 6. Kipimo hicho kilikuwa cha jicho, nacho kilikuwa na siku zake za fahari. Mwaka 1984 huko Sarajevo, Waingereza Torvill na Dean walipata 6 kutoka kwa waamuzi wote tisa kwa uzuri wa maonyesho yao, na dunia nzima ikaelewa maana yake. Lakini mwaka 2002, katika Michezo ya Olimpiki ya Salt Lake City huko Marekani, waamuzi watano waliwapa ushindi Warusi wawili, na wanne wakawapa Wakanada wawili. Kisha mwamuzi wa Ufaransa akasema ameshinikizwa, na baadaye akayakana maneno yake. Mwisho wake Wakanada nao walipewa medali ya dhahabu, na wachezaji wote wanne wakabaki na ushindi uliotiwa doa.

Wakuu wa mchezo huo wakaazimia kuuponya. Kuanzia mwaka 2004 wakaleta kipimo kipya: kila mruko una thamani yake iliyoandikwa, na waamuzi huongeza au kupunguza kadiri ulivyofanywa vizuri au vibaya. Ni karatasi yetu ya vigezo, iliyokuzwa mara mia. Pamoja na hayo wakaongeza jambo jingine: wakaficha ni mwamuzi gani aliyetoa alama gani, wakidai kwamba ambaye alama yake haijulikani hawezi kushinikizwa na watu wa nchi yake. Msomaji afikiri mwenyewe. Ugonjwa ulikuwa mapatano ya gizani, na dawa iliyotolewa ikawa ni kuongeza giza. Ikawapasa kungoja hata mwaka 2016 ndipo walipopiga kura kuiondoa siri hiyo, na alama za kila mwamuzi zikarudi kuwa wazi.

Mchezo wa ngumi, ambao vijana wetu waupenda zaidi, watufundisha somo hilo hilo. Mwaka 1988 huko Seoul, Mmarekani Roy Jones alimpiga Mkorea Park Si-Hun ngumi 86 kwa 32, kwa hesabu ya waliotazama. Waamuzi watatu kati ya watano wakampa Park dhahabu. Aibu ile ilileta mashine. Katika Olimpiki ya mwaka 1992 waamuzi walibonyeza vitufe, na ngumi ilihesabiwa pale tu ambapo watatu kati ya watano walibonyeza karibu kwa wakati mmoja. Mabondia nao wakajifunza kupigania kitufe, wakigusa na kukimbia, hata watu wakachoka. Mwaka 2013 mashine ikaachwa, jicho likarudi. Na mwaka 2016 huko Rio de Janeiro baadhi ya waamuzi wakaondolewa kazini katikati ya michezo. Walitoka kwenye jicho wakaenda kwenye mashine, wakatoka kwenye mashine wakarudi kwenye jicho, na malalamiko yakawafuata kotekote.

Habari ya Park ina mwisho ambao wazazi wangefaa kuwasimulia watoto wao. Mwaka 2023, miaka 35 baada ya pambano lile, Park alisafiri mpaka Pensacola, Marekani, akaenda nyumbani kwa Jones, akamkabidhi medali. Habari hiyo ilijulikana kwa watu mwaka 2025. Mwamuzi dhalimu hudhani amemdhuru mmoja na kumfadhili wa pili. Kumbe amewadhuru wote wawili. Mmoja alinyimwa haki yake. Wa pili alitwishwa mzigo wa mali isiyo yake akaubeba ujana wake wote.

Na sisi tusidhani kwamba mambo ya vipimo huishia uwanjani. Matokeo ya mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2012 yalipotangazwa mwaka 2013, zaidi ya nusu ya watahiniwa walikuwa wamepata sifuri. Nchi ikalia, Serikali ikaunda tume, matokeo yakafutwa na kupangwa upya kwa utaratibu wa zamani, na idadi ya waliofaulu ikapanda. Karatasi za majibu zilikuwa zile zile. Kilichobadilika ni kipimo. Baadaye tena divisheni zikaachwa, ukaletwa wastani wa pointi, na mwanzoni mwa mwaka 2016 Wizara ikaagiza divisheni zirudi. Hatuandiki hayo ili kuwalaumu watu. Twayataja kwa sababu nyuma ya kila badiliko la namna hiyo wapo vijana wa kweli, huko Kilosa na kwingineko, waliojiita wajinga kwa miezi kadhaa, na kisha wakaambiwa kwamba sivyo.

Basi ni kipimo kipi kilicho bora, cha kale au kipya? Jibu letu ni kwamba karatasi ya vigezo ni bora kuliko jicho pekee, na yafaa ishikwe. Lakini yeyote anayetumaini kwamba kipimo chema kitafanya kazi ya dhamiri njema atakata tamaa. Mizani hutengenezwa na fundi, lakini mkono unaoishika ni wa mtu, na mkono huo ndio utakaotoa hesabu mbele ya Mungu.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino alifundisha kwamba kupendelea watu ni dhambi iliyo kinyume cha haki. Akaeleza kwa mfano mwepesi: ukimpa mtu kazi ya ualimu kwa sababu ya elimu yake, umetazama jambo linalohusika, ukimpa kwa sababu yeye ni fulani, umemtazama mtu badala ya sababu. Twaona hapo kwamba swali la haki si "umetumia kipimo gani?" bali ni "sababu yako ni ipi?" Mwamuzi wa jicho aweza kuwa na sababu ya kweli, na mwamuzi wa karatasi aweza kukosa hata moja.

Katika Kitabu cha Danieli imo habari ya Susana. Wazee wawili, waamuzi wa watu, walimshitaki kwa uongo, na maneno yao yalipatana hata mkutano wote ukawasadiki. Kijana Danieli hakuleta sheria mpya. Aliwatenga wale wazee, akamwuliza kila mmoja peke yake ni chini ya mti gani waliyaona hayo. Mmoja akataja mti huu, wa pili akataja mti mwingine, na uongo ukaanguka papo hapo. Somo lake kwetu ni kwamba waamuzi kupatana si ushahidi wa haki. Ushahidi ni kila mmoja, akiulizwa peke yake, kuwa na sababu aliyoiona kwa macho yake.

Tena tumkumbuke mjane maskini penye hazina ya hekalu. Kwa hesabu ya fedha angekuwa wa mwisho. Bwana wetu hakukana kwamba matajiri walitoa nyingi. Hesabu ilikuwa sahihi. Lakini alitazama na kile kilichobaki nyumbani mwa mjane yule, akaona kwamba hakikubaki kitu. Mwamuzi mwema huhesabu, kisha huinua macho yake juu ya karatasi.

Kwa hiyo twatoa mashauri machache kwa walimu, maofisa utamaduni, viongozi wa kwaya na wote wanaoombwa kuketi mezani.

Kwanza, mtu asihukumu watoto wa shule yake wala wa ukoo wake. Wenye hekima walikwisha kutuonya juu ya kupeleka kesi ya ngedere kwa nyani. Pili, vigezo vitangazwe mapema, siku nyingi kabla ya mashindano, kwa shule ya bondeni Kilosa kama kwa shule ya milimani mwa Wavidunda. Kigezo kinachojulikana kwa wengine tu ni hila. Tatu, kila mwamuzi aandike alama zake peke yake kabla ya kusemezana na mwenzake, na atie sahihi yake. Nne, panapochezwa ngoma ya kabila fulani, awepo mezani mtu mmoja anayeijua lugha na desturi yake. Kwani asiyeelewa maneno atampa alama mwenye mavazi. Tano, mwamuzi awe tayari kumwambia kiongozi wa kundi lililoshindwa, kwa upole na mbele ya wenziwe, sababu ya hukumu yake. Akijiona hawezi kuitaja sababu hiyo mbele ya mtoto, na aifikiri tena hukumu yake kabla ya kuitangaza.

Kwa wazazi twaongeza neno. Mtoto akirudi nyumbani ameshindwa, msikimbilie kumlaumu mwamuzi, wala msikimbilie kumfumba mtoto kinywa kwa methali. Mwulizeni kilichotokea. Kama alishindwa kwa haki, mfundisheni kumpongeza mwenzake, kwani hilo nalo ni tendo la haki. Kama alidhulumiwa, mfundisheni kusema kwa adabu na kwa ushahidi, na zaidi ya yote mfundisheni asije akafanya vivyo hivyo siku atakapoishika kalamu yeye. Na mtoto akirudi na kombe asilolistahili, hapo ndipo kazi ya mzazi ilipo ngumu kuliko zote, maana kombe laling'aa na jirani wamekuja kupongeza.

Kwa kwaya zetu za parokia twasema hili tu: mashindano ya kwaya yana faida yake, yanaongeza bidii na urafiki. Lakini wimbo uimbwao katika Misa Takatifu hauna meza ya waamuzi. Atakayeingiza roho ya kombe mbele ya altare ameimba mbele ya mwamuzi asiye sahihi.

Taifa letu lina vijana wengi, nao watapimwa mara nyingi: shuleni, kazini, uwanjani. Hatuwezi kuwaahidi kipimo kisicho na kasoro, kwa sababu hakipo duniani. Twaweza kuwaahidi waamuzi wanaotia sahihi chini ya hukumu zao. Wakiwa nao hao, methali ya wazee itakuwa kweli tupu, na aliyeshindwa ataweza kukubali bila kuinama. Mungu awajalie wote walioshika kalamu ya kuhukumu wengine wakumbuke kwamba nao watahukumiwa, na Mwamuzi huyo hadanganyiki kwa umati wala kwa hesabu.